Kinga za Mikono na Vidole Viwili

Kazi yangu ni kupandikiza miche ya avokado, na kazi hiyo haipatani na mkono uliochanika. Kisu chake ni kikali kama wembe, na kidole chenye kidonda hakiwezi kukishika vizuri. Ndiyo maana mwaka jana, mahindi yalipoanza kukauka, nilienda Kitale kutafuta kinga za mikono, zile zinazofungwa kwenye hendeli ya baiskeli mbele ya vidole.

Baiskeli yenyewe ni ya kupanda milima, ya mtumba, hendeli yake pana. Kwa wateja wangu wa Tongaren ningeweza kufika kwa lami, lakini lami hunichosha. Mimi hupita vijia vya mashambani, vile vile nilivyopita nikiwa mwanafunzi, nikitafuta vitu ambavyo havipo tena: mti fulani uliokatwa, daraja la magogo ambalo sasa ni la simiti. Tatizo ni kwamba watu hupanda mahindi hadi ukingoni, na jani kavu la mahindi hukata ngozi kabla hujahisi. Mahindi yakiisha huanza nyua za miiba.

"Mzee, chukua hii ya chuma," fundi wa baiskeli aliniambia. "Imeshikwa huku na huku. Hata ukigonga ng'ombe, mkono hauguswi."

"Na nikianguka?"

"Si usianguke, bana."

Niliwahi kuona mtu wa bodaboda akiinuka kwenye matope huku mkono umenaswa ndani ya chuma cha namna hiyo, pikipiki ikimvuta. Nikachukua za plastiki, zilizoshikwa upande mmoja tu, pana kama sahani. Kwa wiki mbili sikupata hata mkwaruzo.

Wiki ya tatu nilikuta kijia kimezibwa kwa matawi ya miiba.

Pale ni shambani kwa mama mmoja mjane aliyeimba kwaya na mama yangu. Mama yangu ameshafariki, na katika njia ile yote ni huyu tu aliyebaki anayenijua kama mtoto wa fulani. Masikio yake hayasikii vizuri, kwa hiyo kumwita ukipita ni bure. Na mbele ya nyumba yake kijia kinateremka juu ya mawe. Ukiachia hendeli umeanguka. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiinua vidole viwili tu, kiganja kikibaki kimeshika, naye huinua mkono mzima.

Nililaza baiskeli, nikamfuata kibarazani alipokuwa akipukuchua mahindi.

"Habari ya hapa, Mama," nilisema kwa nguvu.

"Ah. Leo uko na miguu."

"Nimekuta njia imefungwa."

"Mimi ndiye nimefunga. Kuna mtu anapita hapa kama hajui ni boma ya nani. Mara mbili nimemwinulia mkono, anaangalia mbele tu."

"Niliinua vidole, Mama."

"Wapi?"

Nilileta baiskeli, nikaikalia pale kijiani, nikainua vidole. Alikaza macho kutoka kwenye kigoda chake.

"Mimi naona sahani mbili," alisema.

Nilimwambia nitazitoa, hata kama sikutaka. Akaniita, akashika mikono yangu na kuigeuza. Makovu ya zamani yalikuwa bado yanaonekana. Anaijua kazi yangu. Avokado iliyo nyuma ya jiko lake niliipandikiza mimi.

"Usitoe," alisema. "Punguza."

Aliingia jikoni akatoka na kipande cha kaa, akanipa, akarudi kwenye kigoda. Nilichora mstari kwenye plastiki.

"Chini kidogo. Chini tena. Unaogopa nini? Hapo."

Kwenye mfuko wangu kulikuwa na msumeno wa kupogolea. Nilikata kinga ya kushoto, nikakalia baiskeli tena, nikainua vidole.

"Sasa naona. Viwili."

Nilianza kurudisha msumeno mfukoni.

"Na jioni ukirudi," aliuliza, "mimi nitakuwa upande gani?"

Nikautoa tena. Wakati nakata ile ya kulia, yeye aliokota kipande cha kaa nilichoangusha akasimama nacho, akisubiri.

"Toa hiyo miiba mwenyewe," aliniambia nilipomaliza. "Halafu upite, nione."

Niliyasogeza matawi hadi ukingoni, nikaisukuma baiskeli juu, nikapanda, nikateremka. Mawe ya pale hayaruhusu mtu kugeuza kichwa. Niliinua vidole viwili, na kwa pembe ya jicho nikaona kiganja chake kimeinuka, cheusi kwa makaa.