Jinsi Baba Alivyotupeleka Bukoba Kusikiliza Dansi Bure

Baba yangu alikuwa katibu wa tawi la chama kijijini kwetu, upande wa Muleba, siku zile mkoa ungali ukiitwa Ziwa Magharibi. Ukatibu ulimwingia mwilini. Mfukoni mwa shati alichomeka kalamu mbili, moja ikiwa haina wino, na hata mama alimwita Katibu, jikoni na mbele ya paroko. Sisi watoto tulimwita Tata, kama Wahaya wanavyowaita baba zao, lakini tulijua kwamba tunazungumza na ofisi.

Mimi, binti yake wa kwanza, nilikuwa na miaka kumi na mitano, na muziki ulikuwa umeniharibu. Redio ya nyumbani ilikuwa ya Tata, nayo ilikuwa ya taarifa ya habari na hotuba. Muziki aliuona kuwa matumizi mabaya ya betri. Betri zikichoka alizianika juani, kwenye mkeka mmoja na kahawa, kisha akazirudisha redioni kwa heshima ya mtu anayemrudisha mgonjwa nyumbani. Kwa hiyo dansi nililisikiliza kwa kuiba, sauti ikiwa chini kabisa, sikio nimelibana kwenye kitambaa cha spika. Sikuwajali sana waimbaji. Nilipenda magitaa. Nikichuma kahawa, wenzangu waliimba maneno, mimi niliimba gitaa kwa mdomo, kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Kanisani nilitolewa kwenye kwaya baada ya mwalimu wa kwaya kugundua kwamba ile sauti ya chini iliyokuwa ikizunguka katikati ya Utukufu ilikuwa besi ya dansi, na kwamba ilitoka kwangu.

Mwaka huo nilichaguliwa kwenda sekondari. Tata aliita majirani, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikamiminwa, akasimama akahutubia. Alieleza kwa kirefu jinsi alivyonilea, jambo ambalo mama alilisikiliza akiwa amesimama na sufuria mkononi. Mwishoni, watu wakiwa wamechangamka, akanigeukia akaniuliza mbele ya wote nataka zawadi gani. Nadhani alitegemea niseme godoro, au misale, kitabu cha Misa. Nikasema nimesikia kuna bendi ya Dar es Salaam itakuja kupiga Bukoba, na nataka kuisikia kwa masikio yangu.

Majirani walipiga makofi. Tata naye akapiga, kwa sababu kiongozi hawezi kuwa wa mwisho kupiga makofi nyumbani kwake.

Kesho yake aliitisha kikao. Tulikuwa watu watatu: yeye mwenyekiti, mama mjumbe, mimi mwandishi wa muhtasari kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Wadogo zangu hawakualikwa, maana ilikwishaamuliwa kwamba watabaki kwa bibi. Ajenda zilikuwa nne: usafiri, chakula, malazi na dansi. Alitangaza kwamba safari hii itakuwa mfano wa kujitegemea, na familia nyingine zitakuja kujifunza kwetu.

Basi hatutapanda. Kuna lori linalopeleka kahawa Bukoba siku ya Ijumaa, na dereva wake anafahamika. Chakula hatutanunua, mama atabeba mkungu wa ndizi, maharage, na senene, panzi wetu wa kuliwa, waliokaangwa. Mama aliuliza kama atabeba na mafiga. Tata akaniambia nisiandike swali hilo.

Kwenye malazi ndipo nilipoacha kuandika nikamtazama. Alisema tutalala Bakoba, mtaa wa pale Bukoba mjini, kwa shangazi.

Shangazi huyo alikuwa dada yake wa pekee. Miaka kumi nyuma alikuwa ameolewa na fundi cherehani Mwislamu, mtu aliyezaliwa Bukoba lakini babu yake alitoka pwani. Tata alikuwa ameapa kwamba hatakanyaga mlangoni kwao. Paroko mwenyewe, ambaye kama kuna mtu alikuwa na haki ya kununa ni yeye, alikuja mara tatu kumsihi asamehe, akaondoka mara tatu. Sasa bei ya vyumba viwili vya gesti ilifanya kwa dakika tano kazi iliyomshinda paroko kwa miaka kumi. Mama aliinama akaendelea kuchambua maharage, na mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Ikabaki dansi. Tata alikwishafanya uchunguzi. Ukumbi ule, alisema, uko karibu na ziwa na una madirisha makubwa, na bendi za Dar es Salaam hupiga kwa vipaza sauti vinavyosikika hadi sokoni. Kiingilio basi ni malipo ya kuwatazama wanamuziki. Sisi tutatandika mkeka nje ya ukuta.

"Na kuwaona je?" mama aliuliza.

"Mtoto alisema anataka kusikia. Majirani wote ni mashahidi."

Nikaandika kwenye muhtasari kwamba wajumbe wote wamekubali. Chozi liliangukia kwenye neno "wote", na Tata akanikumbusha kwamba daftari lile ni mali ya tawi.

Tulisafiri juu ya magunia ya kahawa. Anayesema gunia la kahawa ni laini hajalikalia kutoka Muleba hadi Bukoba. Tata alikaa mbele na dereva, kwa sababu za kiuongozi. Mimi na mama tulikaa juu na mkungu wa ndizi katikati yetu, tukila vumbi jekundu, na kila lori lilipoteremka kilima mama aliushika mkungu kwanza, halafu mimi. Tulipofika Kemondo na ziwa likaonekana, tulikuwa na rangi moja, sisi na ndizi.

Shangazi alitupokea bila kuonyesha mshangao wowote. Alikuwa mnene kuliko nilivyomkumbuka, amejitanda khanga, na nyumba yake ilinukia iliki. Alimletea kaka yake maji ya kunawa, kisha akamwekea kisahani cha akamwani, zile buni za kutafuna ambazo kwetu mgeni huwekewa kwanza. Akasema kwa upole mkubwa kwamba buni hizo amekuwa akizibadilisha kila mwezi kwa miaka kumi, zisije zikamkuta kaka zimechacha. Tata alitafuna moja muda mrefu sana.

Mumewe fundi aliporudi, alimsalimu Tata kwa mikono miwili na kumwita shemeji. Tata akaitikia, "Salama, Ndugu." Hilo lilikuwa neno lililofaa sana wakati ule. Taifa zima liliambiwa kuitana ndugu ili watu wawe karibu, na Tata akalitumia kumweka mume wa dada yake mbali kadiri nyumba ya vyumba vitatu ilivyoruhusu. Usiku ule na asubuhi yote ilikuwa Ndugu naomba chumvi, Ndugu asante. Fundi alijibu kila mara "karibu shemeji," kama mtu anayerudisha sarafu ya bandia kwa mwenyewe bila kugombana.

Jumamosi mchana, kwa kuwa bendi ilikuwa na onyesho la familia kabla ya lile la watu wazima, tulikwenda ukumbini na mkeka wetu. Tata alichukizwa kukuta watu wapatao thelathini wamekwishatandika mikeka yao ukutani. Alikuwa akidhani mpango ule ni wake. Ilibidi tukae mwishoni, karibu na vyoo, na mama akafungua kifurushi cha senene.

Hatujakaa vizuri, fundi akatokea amebeba mashati kumi mapya mikononi, ya bluu yenye kola pana. Kumbe bendi ilimpa kazi ya kuyashona tangu ilipofika Jumanne, na alikuwa anayapeleka. Hakutuambia nyumbani kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Alimwomba Tata ruhusa nimsaidie kubeba nusu. Tata alifikiri, akauliza kama kubeba mashati kuna kiingilio. Fundi akasema hakuna.

Hivyo ndivyo nilivyoingia, kwa mlango wa nyuma, na mashati matano. Wanamuziki niliowaota kwa miaka miwili walikuwa kwenye chumba chembamba, wakiwa na fulana zilizotoboka, wanakula mihogo. Mpiga gitaa la solo alikuwa mtu mfupi mwenye jino lililomuuma, amejifunga kitambaa shavuni kama mama mzazi anavyojifunga tumbo. Shati lake jipya lilikuwa limembana kwapani, na fundi alipokuwa analifumua mshono, mimi nilisimama mbele yake nikashindwa kuondoka.

Aliniuliza nataka nini. Nikamwambia kuna sehemu katika wimbo wao mmoja ambayo sielewi vidole vinapitaje. Akauliza sehemu gani. Sikujua kuieleza, nikaiimba kwa mdomo, kama nilivyoizoea kwenye mibuni. Wengine wakaacha kutafuna. Nilipomaliza alinitazama kidogo, akavuta gitaa lake, halikuwa hata limeunganishwa, akaipiga polepole.

"Umeruka sauti mbili hapa," akasema. "Sikiliza tena."

Aliirudia. Zilikuwepo kweli, sauti mbili ndogo za chini ambazo sijawahi kuzisikia maishani. Redio yetu na betri zake za kuanikwa zilikuwa zimezimeza. Miaka miwili nilikuwa nikiimba upungufu wa betri za Tata na kuudhani ni sanaa. Akanifanya niimbe tena hadi nikapatia, kisha akageukia jino lake, akanisahau. Sikuwa na haja ya kitu kingine. Fundi akanisimamisha pembeni mwa jukwaa, na bendi ikaanza.

Wimbo wa pili haukuisha. Umeme ulikatika, na vipaza sauti vikafa vyote kwa pamoja. Watu ukumbini waliguna, lakini kiongozi wa bendi akasema hawajaja na mtambo wa umeme, wamekuja na mikono. Akawaita watu wasogee. Wakapiga vilevile, gitaa kavu, tarumbeta, ngoma, na ukumbi wote ukajibana mbele ya jukwaa kama watu wanaoota moto.

Yaliyotokea nje nilisimuliwa na mama, na kwa miaka mingi hakuchoka kuyasimulia. Ukutani palikuwa pamebaki mdundo wa ngoma tu na kishindo cha miguu. Watu wa mikeka walianza kuondoka. Tata alingoja umeme urudi, akiwaeleza waliobaki kwamba ni hitilafu ya muda. Baada ya wimbo mzima wa ngoma tupu, mama alisimama, akakung'uta khanga, akamwambia, "Katibu, mimi naingia. Wewe linda mkeka."

Tata alimfuata hadi mlangoni. Hapo akajitambulisha kwa mlinzi kwa cheo chake, na tawi lake, na kusema amekuja kuona jinsi utamaduni unavyoendelezwa mjini. Mlinzi akamjibu kwamba utamaduni unaendelea vizuri na kiingilio kimeandikwa ubaoni. Tata akageuza mifuko. Zilitoka zile kalamu mbili. Nauli na akiba yote alikuwa ameiacha Bakoba, chini ya godoro la wenyeji, ili asishawishike kuitumia. Nyuma yao foleni ilikuwa imeanza kucheka. Ndipo fundi akatokea kuwatafuta, na Tata akamwona, akamwonyesha mlinzi kwa kidole, akasema kwa sauti ya mtu anayezama, "Huyu hapa. Huyu ni shemeji yangu."

Fundi aliwalipia. Mama anasema hakutabasamu, na kwamba kwa hilo peke yake alistahili pepo.

Nikawaona wakiingia. Tata alitafuta ukuta akasimama kando yake, kwa mazoea. Mama hakusimama popote. Mama yangu, ambaye sikuwahi kumsikia akiimba nje ya kanisa, alipita katikati ya watu hadi mbele, akaanza kucheza. Alicheza vizuri. Mabega yake yalijua mahali pa kukaa na miguu yake haikukimbilia ngoma, iliingoja. Wanawake wa mjini wakampisha nafasi. Hakumtazama mtu yeyote, hata mimi. Tata alimwangalia kwa uso ule aliokuwa nao siku wanakijiji walipokataa kwa kura mpango wake wa shamba la pamoja la mtama, na hakuna aliyemuuliza maoni yake.

Tuliporudi nyumbani, Tata alisimulia safari kwenye mkutano wa kijiji kuwa ya mafanikio, akitaja lori, ndizi na malazi. Dansi alisema lilihudhuriwa. Shangazi alianza kuja kwetu na mumewe sikukuu za Noeli, na Tata akawa anasema ukarimu wa watu wa mjini umepungua sana siku hizi, isipokuwa kwa shemeji yake.

Nilikwenda sekondari. Gitaa sikuwahi kulishika. Shule ilikuwa ya masista, na walikuwa na maoni yao juu ya magitaa. Katika muhula wa pili nilipata barua ya Tata, imepigwa muhuri wa tawi. Alinitakia masomo mema, akanieleza bei ya kahawa, kisha akaandika kwamba mama amekwenda tena Bukoba kwa shughuli za kifamilia, hii ikiwa mara ya tatu, na kwamba kila anapokwenda inatokea kuna bendi imefika. Aliomba nimjulishe kwa haraka maharage huchukua muda gani kuiva, na kama yanatiwa chumvi mwanzoni au mwishoni.

Barua ile niliisoma mara mbili, nikaikunja. Sikuijibu kwa haraka.