Jiwe Linalomenyeka

Leo nimetoka kazini miguu ikiniwaka moto, nikaketi kwenye mchanga ambao mwenye nyumba amemwagiwa hapa mtaani Matisi ninapopanga. Unanuka mto. Nilipojipangusa, kipande cheusi kinachong'aa kilibaki kiganjani.

Kwetu Bungoma, nilipokuwa mtoto, jembe la baba liligonga jiwe jeusi kama hicho nyuma ya nyumba. Akaacha mahindi yamezwe na magugu, akawa ni kuchimba tu.

"Hii ni dhahabu, bana," alituambia. "Mtaona."

Jioni moja mama alirudi kutoka kupalilia shamba la watu, akakaa chini, akalichukua lile jiwe. Alilibandua kwa kucha, ukatoka utando mwembamba kama ganda la kitunguu. Akauinua kwenye jua, ukawa na rangi ya chai ya strungi, isiyo na maziwa. Akaukunja, akauachilia, ukajinyoosha tena.

"Baba watoto, dhahabu haimenyeki," alisema polepole. "Lakini shimo si liko tayari? Tuweke choo."

Kesho yake baba alichimba kutwa bila kuomba hata maji, na choo chetu kikawa kirefu kuliko vyote kijijini.