Fundi na Honi ya Basi la Kilosa

Kila honi ikilia stendi ya Mikumi, fundi cherehani jirani yetu husimamisha mguu, huinua kidole na kulitaja basi kabla halijaonekana. Tangu mkewe anune akaenda kwao Mvumi, upande wa Kilosa, anasikilizia la Kilosa tu, akingoja mkewe ashuke. Juzi Mzee Lazaro alikuwa kibandani kajifunga kanga ya kuazima, suruali yake iko chini ya sindano. Malori ya miwa yananguruma, mara honi ikalia.

"Ndilo! Leo karudi!"

"Fundi, malizia kwanza!"

"Dakika moja, mzee wangu."

Alishuka konda peke yake. "Kaka, shemeji kasema yeye si kifurushi cha kutumwa kwa basi. Kamchukue mbele ya wazazi wake."

Basi lilipogeuza kurudi Kilosa, fundi akapanda palepale, suruali ya mzee begani. Hajarudi mpaka leo.