Jino la Juu la Susu

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, nilijua jambo moja tu kuhusu meno: la juu haling'olewi. Mizizi yake, alisema Susu, nyanya yangu mzaa baba, imeshikana na jicho. Ukiling'oa, unapofuka. Ushahidi alikuwa nao: dada yake aliyeolewa Kitui aling'olewa moja, na mwaka haukuisha kabla ya jicho la upande huo kuzimika.

Kwa hiyo jino lake la juu lilipoanza kuoza, Susu aliliacha. Alisukutua maji ya chumvi, akabana karafuu, akaacha muthokoi, mahindi na maharagwe aliyoyapenda kuliko wali, akawa wa uji tu. Nguo zikaanza kumpwaya. Kila wiki mama alimsihi, akimwita mama kwa Kikamba, "Mwaitu, twende hospitali mjini Wote." Akikataliwa, alikuja jikoni kunung'unika kwamba wazee ni wakaidi.

Siku shavu lilipovimba hata uji haupiti, Susu alikubali, mradi niende naye.

Daktari wa meno alikuwa kijana. Hakumkaripia. Aliuliza tu, "Nyanya, unaogopa nini? Sindano?"

"Naogopa giza," Susu akasema, akamweleza habari za dada yake.

Daktari hakucheka. Alisema jino na jicho havijaungana, na kwamba macho ya wazee huharibika kwa sababu nyingine. Susu alimsikiliza kwa adabu. Sidhani aliamini. Alinivuta mkono hadi mbele ya kiti.

"Simama hapo. Kama hii ndiyo mara ya mwisho kuona, nikuone wewe."

Nilisimama. Nililia kwa sauti tangu sindano hadi jino likalia kwenye sahani, naye hakupepesa macho. Tulipotoka nje, jicho la upande ule lilikuwa likichuruzika machozi, na mimi nikajua limekwisha.

"Susu, unaniona?"

Aliziba kwa kiganja jicho lisilochuruzika, akanitazama kwa lile jingine, mdomo bado una ganzi.

"Nakuona. Na kamasi zako naziona. Futa."

Aliona hadi mwisho wa maisha yake. Kwa muda mrefu nilikisimulia kisa hiki kuchekesha watu, na walicheka. Siku hizi nasita. Mwanamke aliyeamini kabisa kwamba atapofuka aliketi kwenye kile kiti, akafungua mdomo. Na alipopata nafasi ya kuchagua kitu cha mwisho cha kuona duniani, alichagua mtoto anayelia. Sijapendwa hivyo tena, wala sidai.