Limau kwenye Shati la Mwalimu Mkuu

Dobi huyu hakumaliza hata darasa la sita, lakini waliomaliza vyuo wamesoma maandishi yake, tena kwenye shati.

Mambo yalianza kwa bahati. Alikuwa akikamulia limau chai yake, tone likarukia ukosi mweupe wa shati la mteja, likakauka lisionekane. Alipopitisha pasi ya moto, doa la kahawia likachomoza kama limeitwa. Mwingine angelaani limau. Yeye akachovya kijiti, akaandika jina lake kwenye kitambaa kikuukuu, akaanika, akapiga pasi. Jina hilo hapo! Baadaye akagundua kwamba kitambaa kikisuuzwa kabla ya pasi, maandishi huondoka yote. Siri hiyo akaiweka moyoni.

Wakati huo mashati ya wateja yalikuwa yakipotea kwenye kamba yake, moja moja, yakiwa makavu. Mtaa ukambandika jina la Mkono Mrefu. Mwalimu mkuu, mteja wake wa miaka kumi na moja, alileta shati moja tu, akasema bila kuketi kwamba likipotea na hilo, atahakikisha hakuna anayemletea dobi hata soksi.

Dobi alimjua mwizi: shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye dobi mwenyewe alimfundisha kazi, kisha shemeji huyo akafungua duka ng'ambo ya barabara na kuuza nguo zilizovaliwa. Ushahidi hakuwa nao, na mkewe hakutaka kusikia ndugu yake akisemwa. Lakini dobi alijua jambo jingine. Shemeji ni mvivu wa kuzaliwa. Nguo ikionekana safi, haigusi maji tena.

Basi akalifua shati la mwalimu, lilipokauka akaliandika kwa limau mbele na nyuma, akaliacha kambani, akaenda zake kunywa chai taratibu. Aliporudi, kamba tupu. Akapiga mluzi.

Alikaa kizingitini na mkewe na mwalimu mkuu, aliyekuja kuulizia shati lake, mpaka alipoona shati lile, kwa vifungo vyake vya bluu, linatandazwa kwenye meza ya ng'ambo. Shemeji hupiga pasi mlangoni, wapita njia wamsifu. Wakavuka. Dobi akamsalimu vizuri sana, akauliza na habari za watoto. Pasi ikapita kifuani mara moja, mara mbili, herufi zikaanza kuota: MALI YA MWALIMU MKUU.

Shemeji akaiweka pasi chini. Akanong'ona, "Shemeji, haya ni ya familia. Tuyamalize nyumbani."

"Geuza mgongoni," alisema dobi kwa upole. "Barua haijaisha."

Shemeji hakugeuza. Mke wa dobi ndiye aliyeichukua pasi, akapitisha mgongoni polepole, akasoma kwa sauti: "Nimeibwa na kaka wa mke wa dobi." Kisha akamtazama kaka yake.

Mwalimu mkuu alitaka alipwe shati jipya, na shemeji akalilipa siku ileile. Lile la zamani dobi aliliomba, akapewa. Kila asubuhi hulianika upya, mgongo ukitazama duka la ng'ambo, na halifui kamwe, maandishi yasije yakafifia.