Viroba vya Udaga na Madumu Yaliyobaki Musoma

Harufu ya petroli hunitoa jasho mpaka leo. Mshale wa gari ukishuka hadi nusu tu, mimi huyo, kituo cha mafuta pale Igoma. Mume wangu hunicheka eti siendeshi gari, naendesha tanki. Acha acheke. Yeye hakuwamo kwenye kile kindege.

Nilikuwa na miaka minane, enzi za soko huria, wanunuzi wa sangara walipojaa Mwanza na kila mmoja ana haraka zake. Mjomba Mafuru alikuwa rubani wa mmoja wao. Siku hiyo alimpeleka tajiri wake Musoma, nami nikapewa lifti nikamsalimie bibi. Kule mafuta ya ndege hayakuwepo, kwa hiyo ya kurudia tuliyabeba wenyewe, madumu manne nyuma ya viti. Tajiri alibaki, ila kwenye kiti chake ikapakiwa mashine ya boti, nzito kweli.

Wakati wa kuondoka bibi akatokea uwanjani na viroba viwili vya udaga, mihogo iliyovundikwa na kukaushwa kwa ajili ya ugali. Sisi Wajita mgeni haondoki mikono mitupu, na ukikataa cha mama umemkataa mama. Mjomba alinyanyua kiroba, akatazama madumu, akaanza kuizunguka ndege. Alizunguka mara nyingi mno. Mwishowe akamweleza bibi kwamba uzito umezidi. Bibi hakubisha, alifunga tu kanga yake upya. Mimi nikaangua kilio, kwamba bibi ametoka navyo kijijini tangu alfajiri! Viroba vikapakiwa. Mjomba akamimina madumu mawili tangini, akapima kwa kijiti chake chenye alama za kisu, akapima tena. Mawili yakabaki kwa mlinzi wa uwanja, kupunguza uzito.

Pengine yaliyomo tangini yangetosha. Lakini juu ya Magu mvua ilituziba, tukalazimika kuzungukia ziwani. Mjomba akawa anagonga kioo cha mshale wa mafuta kwa ukucha, anagonga tena. Mkojo ulinibana, nikaogopa kusema. Tulipokaribia Kisesa injini ikakohoa, pangaboi likasimama. Jamani, kimya kile!

“Usifumbe macho, mama,” aliniambia taratibu. “Nihesabie ng'ombe wale.”

Nilifika kumi na saba, tukagonga chini, tukarukaruka malishoni hadi tukasimama. Wachungaji wakaja mbio. Mjomba akanituma nitangulie kuwaamkia, yeye anaandika kwanza kitabu cha ndege. Niliwapa shikamoo mmoja mmoja, nikijiona mkubwa, huku nikimshangaa mjomba kujifungia ndani watu wazima wakimngoja juani.

Tajiri alimfukuza kazi. Mjomba alisema alikosea kupima, basi, wala hakututaja, na bibi aliambiwa udaga umefika salama. Kwa miaka mingi nilijua kosa ni langu, na nilimwonea wivu kwa ushujaa wake.

Hadi nilipokuwa na watoto wangu ndipo nilipofahamu kwamba siku ile hakuandika kitu. Miguu ilikuwa haimbebi, na hakutaka nione.