Vidole Viwili Ndani ya Bastola ya Mteja

Wapo waliofedheheka kwa kuchanikiwa suruali harusini, wapo walioanguka mzima mzima mbele ya wakwe, na hao wote nawaonea wivu, maana aibu yangu mimi siwezi kuisimulia bila kwanza kuapa kwamba sikuwa jambazi. Wallahi sikuwa jambazi. Nilikuwa mfungaji mizigo.

Nilifanya kazi Doha, kwenye duka la vitu vya kale la Mqatari mmoja tuliyemwita Mudir, yaani bosi, mzee mtaratibu mwenye sauti ndogo ambayo ukiisikia imepanda kidogo tu ujue umeharibu. Tuliuza majambia, saa za ukutani, vyano vya shaba, na kwa kibali maalumu, bastola za zamani. Ni zile za baruti nyeusi, ambazo mtu alishindilia baruti na goroli kwa mbele kama anayejaza kiko, halafu mafundi wakazigeuza, wakaziwekea silinda nyingine ili zitumie risasi za kawaida. Mudir alitufundisha kwamba kugeuzwa huko ndiko kunakoleta kazi: isiyogeuzwa unaweza kuiita pambo, iliyogeuzwa ni silaha, hata kama ina umri wa babu wa babu yako. Kwa hiyo kila moja ilikuwa na kibali cha kuuzwa, kibali cha kusafirishwa na kibali cha mnunuzi huko kwao, na silinda inatolewa, inafungwa kwenye boksi lake peke yake. Kule Al Rayyan nilikopanga na wenzangu nilikuwa nikijigamba kwamba katika chumba kizima hakuna mwenye kazi ya halali kunishinda (wao wakiwa walinzi na madereva, watu wa Mungu kabisa).

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Bastola moja ilikuwa inakwenda kwa mzee mmoja wa Ulaya, mkusanyaji wa silaha za kale, ambaye alikuwa ameingoja kwa miezi. Mudir alikuwa Al Wakrah, kaalikwa chakula cha mchana kwa dada yake, akanipigia simu: "Shabani, ifikishe kago, pale uwanja wa ndege, kabla hawajafunga. Kibali mwisho wake leo."

"Hadhir, Mudir," nikaitikia, yaani sawa, bosi.

Nikawa nimeshailaza kwenye sponji, bado kifuniko tu. Ndipo akaingia Otieno, dereva wetu, kijana wa Kisumu, na simu mpya yenye kamera. Akaiangalia bastola, akaniangalia mimi, akasema, "Buda, nikupige picha moja tu, uweke mtandaoni, wasee wa kwenu wajue wewe si mtu wa kubeba maboksi."

Hapo ningesema hapana, mkasa usingekuwepo na mngekuwa mnasikiliza habari za mtu mwingine. Lakini mimi nikasema ngoja nivae miwani ya jua. Na kwa kuwa picha ya kuishika tu niliiona haina uzito, nikataka niizungushe kidoleni kama wale wapanda farasi wa kwenye sinema, na kwa kuwa niliogopa isiniponyoke ikapasuka ule mpini wa mbao, nikaingiza vidole viwili badala ya kimoja kwenye kile kikuku kinachozunguka kifyatulio. Viliingia kwa kusukuma. Otieno akapiga picha, akacheka, "Hii bunduki yako mbona haina tumbo?" (maana silinda haikuwepo, katikati pana tundu unaona hadi ukutani). Nikacheka na mimi. Kisha nikavuta vidole.

Havikutoka.

Tulijaribu sabuni. Tulijaribu mafuta ya zeituni ya chakula chetu, tukajaribu barafu, Otieno akashika mtutu mimi nikashika meza akavuta kama anayeng'oa muhogo, na kila tulivyohangaika ndivyo vidole vilivyozidi kuvimba, vikawa kama ndizi mshale. "Mpigie Mudir," akasema Otieno, na huo ndio ulikuwa ushauri pekee wa maana alionipa siku ile, ndiyo maana sikuufuata. Nilijiona nikipandishwa ndege kurudi Tanga. Nikamwambia twende kago hivyo hivyo, njiani uvimbe utashuka, tukifika ninaichomoa, ninaifunga, mambo yamekwisha. Nikauzungushia mkono mzima taulo, juu yake nikafunga kilemba, nikaubeba kifuani kama mtoto mchanga.

Uvimbe haukushuka. Kago palikuwa na foleni ndefu, na hapo nikagundua jambo moja zuri kuhusu binadamu: wakiona mkono uliofungwa wanakuwa na huruma mno. Mhindi mmoja akanipisha. Mmisri akaniletea kiti, akasema "miskini" mara nyingi. Nami, badala ya kuona haya, nikaanza kukunja uso kama mwenye maumivu zaidi (na kweli yalikuwepo).

Basi akatokea Dada Mwanahamisi. Huyu alikuwa msimamizi wa usafi pale, mtu wa Tanga, nyumba yao na yetu zinatazamana, na mama yangu anamwita mwanangu kabla hajaniita mimi.

"Shabani! Umepatwa na nini, mdogo wangu?"

"Nimeungua, dada. Mafuta ya moto."

"Yarabi! Mama anajua?"

"Asijue, dada, tafadhali."

Alikuwa ameshatoa simu. Alimpigia mama palepale, akamweleza kwamba mkono wote umeungua lakini roho ipo, nikasikia kilio cha mama kutoka Tanga bila spika. Akakata simu, akasema ana asali kwenye mkoba, hakuna dawa ya moto kama asali, hebu tuone. Nikamwambia daktari amekataza usifunguliwe. Akasema daktari gani anafunga kidonda kwa kilemba? Nikarudi nyuma, akanifuata, akashika ncha ya kilemba, akavuta.

Taulo likaanguka, na mtutu ukatokeza ukimtazama yule Mmisri aliyeniletea kiti.

"Musaddas!" akapiga ukelele. "Musaddas! Bastola!"

Sijawahi kuona ukumbi ukilala chini kwa pamoja namna ile. Watu wote sakafuni, tumesimama wawili tu, mimi na Dada Mwanahamisi mwenye chupa ya asali. Nilitaka kuinua mikono juu kuonyesha sina nia mbaya, na nilipoinua, bastola nayo ikapanda, wakazidi kupiga kelele. Otieno, rafiki yangu, alikuwa chini ya benchi. Nikabaki napiga kelele peke yangu: "Haina silinda! Halali! Halali!"

Askari walinizunguka upesi, wakanikalisha. Ofisa wao, mtu mzima mwenye ndevu nadhifu, akachungulia lile tundu la katikati, akatulia, akaomba karatasi. Otieno akatambaa nazo kutoka chini ya benchi. Ofisa akazisoma moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa sawa, muhuri kwa muhuri. Kisha akaniangalia.

"Hapa pameandikwa bastola moja na silinda moja," akasema. "Sioni palipoandikwa mtu mmoja."

Mudir akapigiwa simu, akafika na harufu ya biriani ya dada yake. Alinipita, akainama, akaikagua bastola. "Imekwaruzika?" Ndipo akauliza, "Na vidole?" Mimi nikasikia wanajadiliana kwa Kiarabu habari ya kukata, jasho likanitoka, nikaanza kulia waziwazi, nikiwasihi wanikate kimoja tu. Ofisa akanishangaa. Akaagiza bisibisi, akalegeza skrubu chache chini ya kikuku, kikuku kikaachia, vidole vikawa huru. Hivyo tu. Bastola niliyoifunga na kuifungua wiki nzima, sikuwahi kuziona zile skrubu.

Kago wakafunga, kibali kikaisha, Mudir akalazimika kuomba kingine na kumwandikia mzee wa Ulaya barua ya msamaha. Sikufukuzwa. Nilihamishiwa kufuta vumbi kwenye vyano vya shaba, vitu visivyo na tundu. Polisi nao walinitaka niandike ahadi, basi nikaahidi mbele ya serikali ya watu, kwa saini ya mkono wa kushoto, kwamba sitaingiza tena kiungo changu chochote kwenye mali ya mteja, na ahadi hiyo nimeitunza hadi leo, hata pete siijaribu dukani.

Jioni nikampigia mama kumtuliza. Nikamwambia sikuungua, nilidanganya, ilikuwa ni bastola tu imeninasa vidole, polisi wakaja, wakaniachia. 

"Bora ungeungua, mwanangu," akasema, akakata simu.